Kabla hujalipa nyumba Arusha au Moshi, yafuate maji

Madalali wanapenda kukuonyesha nyumba Januari na Februari. Njia za mtaani ni kavu, jua linawaka, kuta zimekauka na rangi inang'aa. Mimi ni fundi sanifu wa majengo, na siku hizi kazi yangu kubwa ni kuitwa na watu wanaotaka kununua au kupanga nyumba, niende nikaitazame kabla hawajatoa hela. Ningekuwa na mamlaka, nisingeruhusu mtu anunue nyumba ya huku kabla hajaiona mwezi wa nne, masika yakiwa yamekolea. Kwa kuwa hilo halipo, inabidi ujue kuyasoma maji hata siku ambayo hayaonekani.

Maana karibu kila tatizo zito ninalokutana nalo, ukilifuatilia hadi mwisho, unakuta maji. Yameingia pasipotakiwa, au yamekosa pa kutokea.

Tuanze na rangi. Nyumba kupakwa rangi kabla ya kuuzwa ni jambo la kawaida, sina ugomvi nalo. Ninachokitilia shaka ni rangi mpya iliyoishia kiunoni, au ukuta mmoja tu uliopakwa wakati mingine mitatu imeachwa. Sogeza kabati. Sogeza kochi. Inama uangalie sehemu ya chini ya ukuta: ukiona rangi imevimba, plasta inabonyea kwa kidole, au kuna unga mweupe, hiyo ni chumvi iliyobebwa na maji yanayopanda kutoka ardhini. Mara nyingi fundi hakutandaza nailoni ya kuzuia unyevu juu ya msingi kabla ya kuanza kozi za tofali, au aliitandaza ikiwa imetoboka. Sababu ya pili, ambayo naiona zaidi miaka hii, ni mwenye nyumba mwenyewe: amejenga vizuri, kisha akamwaga kifusi na kupanga pevingi hadi nje pakawa sawa na sakafu ya ndani, au pakaizidi. Sakafu inatakiwa iwe juu ya ardhi ya nje angalau sentimita 15. Hapo suluhisho ni kuteremsha udongo na kuupa mteremko wa kupeleka maji mbali. Kupiga plasta mpya ya saruji juu ya unyevu ni kuupandisha tu. Utatokea unyevu huo huo juu kidogo ya ulipokuwa.

Si kila ukungu unatoka ardhini, lakini. Arusha kuna baridi ya mwezi wa sita na wa saba, hasa ukipanda kuelekea Ilboru, Sekei au Ngaramtoni. Watu wanafunga madirisha, wanapika, wanaoga maji ya moto, wanaanika nguo ndani. Mvuke wote huo unagota kwenye ukuta baridi na kona za dari zinakuwa nyeusi. Kutofautisha ni rahisi. Bandika kipande cha nailoni ukutani, uzibe pande zote kwa selotepu, ukiache siku mbili. Matone yakitokea upande wa chumbani, tatizo ni mvuke, na dawa yake ni hewa. Yakitokea nyuma ya nailoni, ukuta wenyewe una maji. Ukiwa mpangaji jaribio hili litakuokoa na ubishi mrefu na mwenye nyumba, maana wao hupenda kusema wapangaji hawafungui madirisha, na wapangaji hupenda kusema nyumba ni mbovu, na kila upande mara nyingine una haki.

Paa sasa. Hapa ndipo nitachelewa kidogo, kwa sababu ndiko hela nyingi zinakopotelea.

Omba ngazi, fungua mfuniko wa dari, panda na tochi. Kwanza izime tochi ukae gizani kidogo. Kila nukta ya mwanga unayoiona ni tundu la mvua. Kisha iwashe uangalie kenchi na papi, yaani mbao zinazobeba bati: alama za maji zilizokauka ni kahawia na zina ukingo uliokolea, na hazifutiki hata dari ikibadilishwa. Mwenye nyumba anaweza kuweka jipsamu mpya chini. Hakuna anayehangaika kupaka rangi mbao za juu. Angalia pia njia za mchwa, zile bomba nyembamba za udongo zinazopanda kwenye ukuta na kuingia kwenye mbao. Ukizikuta, chukua bisibisi uigonge kenchi, kisha fremu za milango. Mbao nzima inalia kavu, iliyoliwa inabonyea.

Muulize geji ya bati. Watu wengi wanadhani namba kubwa ndiyo bati nene, kumbe ni kinyume: geji 32 ni jembamba kuliko 30, na 30 ni jembamba kuliko 28. Kama hajui, usiishie hapo; lichungulie pembeni linapochomoza na ulibonyeze.

Halafu kuna hizi nyumba za kisasa ambazo paa limefichwa nyuma ya ukuta. Zimejaa Njiro na Moshono, na Moshi nazo zinaongezeka. Zinapendeza, sikatai. Lakini paa la kawaida la kumwaga maji nje likikosewa, maji yanadondokea uani. Paa lililofichwa likikosewa, maji yanaingia sebuleni, kwa sababu yote yanakusanywa kwenye mfereji ulio ndani ya kuta na kutegemea mabomba machache ya kuyatoa. Bomba moja likiziba, mfereji unajaa na kufurika kwa ndani. Miji yetu hii ina mijakaranda na migrevilea kila upande. Jakaranda inamwaga maua mwezi wa kumi na wa kumi na moja, na vuli nayo hiyo inaingia. Kabla hujanunua nyumba ya aina hiyo panda juu, utazame mfereji una mteremko gani, mabomba ni mangapi na ni mapana kiasi gani, na kama kuna tundu la dharura ubavuni mwa ukuta ambalo maji yatatokea yakizidi. Kama tundu halipo, kulitoboa si gharama kubwa, na ningelidai kabla ya jambo lingine lolote.

Nyufa ndizo zinazowatisha watu kuliko vyote, na nyingi hazistahili. Vile vinywele vya kwenye plasta, chini ya milimita moja, vinavyokwenda huku na huku, ni plasta iliyokauka haraka kwa sababu haikumwagiliwa. Zinazonifanya niite mhandisi ni zile zinazoanzia kona ya dirisha au mlango na kwenda mshazari, au zinazopanda ngazi kwa ngazi kufuata maungio ya tofali, hasa zikizidi milimita tano au zikionekana ndani na nje mahali pale pale. Hizo zinasema msingi umecheza. Kwenye tambarare zenye udongo mweusi wa mbuga, udongo unavimba wakati wa mvua na kusinyaa wakati wa kiangazi, ukipasuka mipasuko ya kuingiza mkono, na nyumba iliyosimama juu yake kwa msingi mfupi inapandishwa na kushushwa kila mwaka. Mikaratusi karibu na ukuta inazidisha, kwa jinsi inavyonyonya maji. Na nyumba isiyo na gata, maji ya bati yakidondoka mahali pamoja miaka nenda rudi, yanachimba hadi msingi unabaki wazi.

Kama una muda kabla ya kuamua, chora mstari kwa penseli kwenye ncha ya ufa na uandike tarehe. Ukirudi baada ya mvua utajua kama ufa umelala au unatembea. Ufa ulio wima pale chumba kipya kilipoungwa na nyumba ya zamani hauna tabu sana. Majengo mawili yametulia kwa kasi tofauti.

Ukitoka ndani, tembea nje ya uzio. Angalia mteremko unatoka wapi, mkorongo uko wapi, mto uko umbali gani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, na bado nimepelekwa kuangalia nyumba zilizoegemea mito ya Themi na Naura ambazo ungeweza kutupa jiwe kutoka jikoni likaingia majini. Hapo sihitaji hata kupanda darini. Na kama unataka ukweli wa eneo, usimuulize dalali, nenda dukani kwa Mangi au kwa mzee wa jirani. Mimi na mteja wangu mmoja, dada wa makamo, tulimkuta babu amekaa barazani mtaa mmoja wa Moshi, chini kidogo ya nyumba tuliyotoka kuikagua. Dada akamwamkia, "Shikamoo babu." Yule mzee akaitika marahaba, wakaulizana hali, kisha dada akauliza masika maji huwa yanapita wapi. Babu hakusema kitu, alinyoosha fimbo yake kuelekea geti tulilotoka. Biashara ikaishia hapo.

Maji taka watu wanayasahau kabisa. Uliza karo liko wapi na shimo la kunyonya liko wapi, na gari la kunyonya litafikaje. Mwenye nyumba asipojua, tafuta mgomba mnene kuliko yote uani, mara nyingi ndio unaokuonyesha. Kwenye udongo wa mfinyanzi shimo halinyonyi vizuri, kwa hiyo mvua zikikolea linajaa na choo kinakataa kushuka. Fungua bomba zote kwa pamoja, vuta maji ya choo mara kadhaa mfululizo, kisha kasimame kwenye chemba usikilize na unuse.

Maji ya kunywa nayo yana lake huku kwetu. Ardhi ya volkano inayouzunguka Meru inatia floraidi kwenye maji ya chini, na sehemu nyingine ni nyingi mno. Ndiyo sababu ya meno ya kahawia yanayojulikana Arusha na Meru nzima. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Nyumba ikiuzwa kwa sifa ya "ina kisima chake", omba cheti cha vipimo vya maabara, hasa kama una watoto ambao meno yao ya kudumu bado hayajaota. Kuchemsha hakuiondoi floraidi, kunaiongeza, kwa kuwa maji yanapungua na yenyewe inabaki. Vichujio vya mkaa wa mifupa vinaiondoa, na maji ya mvua kwa kawaida hayana. Kwa hiyo gata nzuri na simtanki safi huku kwetu vina thamani mara mbili.

Umeme kwa ufupi. Baridi ya Arusha imefanya kila bafu liwe na shawa ya umeme. Shawa ya wati 5,500 inavuta karibu ampea 24, inahitaji waya wake mnene, wa milimita 6 za mraba, na swichi yake kwenye boksi. Nimekuta zimeungwa kwenye waya wa soketi. Ukioga ukasikia vijisindano mkononi unapogusa bomba, toka bafuni, zima swichi kuu, usioge tena hadi fundi mwenye leseni aipime athi, ule waya wa kupeleka umeme ardhini. Kwenye boksi la umeme tafuta kitufe chenye herufi T, cha kujaribu kifaa cha kukata umeme unapovuja, ukibonyeze: umeme unatakiwa ukatike papo hapo. Usipokatika, au kitufe chenyewe hakipo, kiweke juu kabisa kwenye orodha ya madai yako.

Orodha hiyo ipeleke kwa mwenye nyumba ikiwa na picha na bei za mafundi wawili. Anayenunua aitumie kupunguza bei. Anayepanga, ambaye ataambiwa alipe miezi sita na mwezi mmoja wa dalali, adai kila kitu kiandikwe kwenye mkataba pamoja na tarehe ya kukamilika, kabla ya kukabidhiwa funguo. Ahadi za mdomo kuhusu paa zinaisha siku hela inapopokelewa.