Lebo za LDP zilizochujwa na wateja wa VPN waliokatika nyuma ya ruta moja

Ndugu, nimesoma maelezo yako mara mbili pamoja na mistari uliyobandika kuhusu LDP, itifaki ambayo ruta hutumia kuambiana lebo za MPLS, yaani namba zinazobandikwa kwenye pakiti ili isukumwe mbele kwa namba hizo badala ya anwani ya IP. Unasema kwamba kwenye ruta yako ya kati, ambayo ni ya Cisco, uliandika amri mpls ldp advertise-labels for 10 to 20 (orodha ya 10 hutaja anwani zinazoruhusiwa, ya 20 hutaja majirani wa kutangaziwa) ili majirani wake watatu wapokee lebo za anwani za lupubaki (kiolesura cha ndani ya ruta, kisichofungwa kwenye kiungo chochote) peke yake, lakini wakaendelea kupokea lebo za kila kiungo. Ulipoongeza no mpls ldp advertise-labels, lebo za ziada zilitoweka kama ulivyotaka, ila wateja wa VPN (mitandao ya faragha inayopitishwa juu ya mtandao wako) walio nyuma ya mmoja wa majirani hao walikatika, ilhali pingi ya kawaida kutoka kwa jirani huyo kwenda lupubaki ya ruta ya mbali inajibiwa vizuri.

Sehemu ya kwanza ni nyepesi. Kwa kawaida ruta ya Cisco humtangazia kila jirani wa LDP lebo za prefiksi (makundi ya anwani) zote zilizomo katika jedwali lake la njia, isipokuwa zile zilizojifunzwa kwa BGP, itifaki ya kubadilishana njia, zikiwemo za VPN. Amri yenye orodha mbili haifuti tangazo hilo la jumla. Hufutwa na ile ya no peke yake, na kabla hujaiandika kichujio chako kilikuwa hakizuii chochote.

Sehemu ya pili imo ndani ya orodha yako ya 20. Majirani wawili umewaandika kwa 10.255.0.2 na 10.255.0.3, ambazo ni lupubaki zao, lakini wa tatu umemwandika kwa 10.1.14.2, yaani anwani ya kiolesura chake kinachotazamana na ruta yako. Kosa hili hutokea kirahisi, kwa sababu salamu za LDP hutumwa kwa UDP kupitia bandari 646 kwenda 224.0.0.2 zikibeba anwani ya kiolesura, na hiyo ndiyo anwani ambayo mtu huiona kwanza anapochunguza kiungo. Kichujio, hata hivyo, humtambua jirani kwa kitambulisho chake cha LDP. Tazama show mpls ldp neighbor kwenye mstari wa Peer LDP Ident: utakuta 10.255.0.4:0, na sehemu iliyo kabla ya alama ya nukta mbili (:) ndiyo inayopaswa kuandikwa katika orodha. Kwa kuwa haimo, ruta yako ya kati haimtangazii jirani huyo lebo hata moja.

Angalia pia kwamba hitilafu hii ni ya upande mmoja. Lebo husafiri kinyume cha mwendo wa pakiti: ruta iliyo mbele humwambia aliye nyuma yake lebo ya kutumia. Jirani wa tatu bado anaitangazia ruta yako lebo zake, kwa hiyo trafiki inayokwenda kwake inapita. Inayotoka kwake kupitia ruta yako ndiyo inayokosa lebo ya nje, ile inayowekwa juu ya lebo ya VPN ili kuifikisha pakiti kwenye ruta ya mwisho. Mteja huona kwamba kila kitu kimekufa, kwa sababu hakuna mazungumzo yanayokamilika bila jibu, na fundi asiyepima kila upande peke yake hupotea.

Ama kuhusu pingi iliyokupa matumaini, hiyo ni pakiti ya IP tupu. Lebo ikikosekana njiani, kila ruta hutazama jedwali lake la njia na kuisukuma mbele kwa IP. Pakiti ya VPN haina nafasi hiyo, kwa sababu ndani yake mna anwani za mteja ambazo ruta za kati hazizijui, na lebo ya VPN ina maana kwa ruta ya mwisho peke yake. Ndiyo sababu nakusihi utumie ping mpls ipv4 ikifuatwa na lupubaki ya mbali na /32 (yaani anwani moja tu). Jaribio hilo, lililowekewa kanuni kwanza katika RFC 4379 (hati ya viwango vya intaneti) ya mwaka 2006, hutuma pakiti yenye anwani ya mwisho ya 127.0.0.0/8 kwa makusudi, ili njia ya lebo ikikatika pakiti isiweze kuendelea kwa IP na kukudanganya.

Nami nilidanganywa hivyo hivyo katika mtandao wa mtoa huduma niliyekuwa nikimfanyia kazi. Tulikuwa tumeruhusu 10.255.0.0 0.0.0.255 (yaani anwani zinazoanza na 10.255.0 peke yake) kwenye ruta zote za kati, kisha tukaongeza ruta mpya ya pembezoni, inayounganisha wateja, iliyopewa lupubaki ya 10.255.1.7. Kikao cha BGP kilisimama, njia za VPN zilionekana pande zote mbili, pingi zilijibiwa, na hakuna mteja wa ruta ile aliyepata huduma. Sehemu kubwa ya usiku niliimaliza nikichunguza BGP, ambayo haikuwa na kosa lolote. Nilipoandika show mpls forwarding-table 10.255.1.7 kwenye ruta ya kati iliyo mbali zaidi, safu ya lebo ya kutoka ilisema No Label, na jambo likaeleweka mara moja. Tulilazimika kuirekebisha orodha kwenye kila ruta ya njiani, kwa kuwa kila moja hutangaza lebo yake yenyewe kwa prefiksi ileile, na moja tu ikiachwa inatosha kuikata njia.

Kuna jambo jingine linalofanana sana na hili lakini halitokani na kichujio, nalo ni maski ya lupubaki, yaani ukubwa wa kundi la anwani inalopewa. Ukiipa lupubaki /24, OSPF (itifaki ya njia za ndani ya mtandao) huitangaza kama /32 usipobadilisha aina ya mtandao wa kiolesura hicho, ilhali LDP ya ruta hiyohiyo hutangaza lebo ya /24 iliyomo katika jedwali lake. Jirani ana njia ya /32 na lebo ya /24, na kwa kuwa hazilingani, lebo haitumiki. Mimi huweka /32 kila mahali na sijajuta.

Sasa irekebishe orodha ya 20 kwa kuweka 10.255.0.4. Hakuna haja ya kuigusa amri ya no. Siku utakapofanya kazi hii kwenye ruta nyingine, tayarisha orodha zote mbili kwanza na uiweke amri ya no mwisho, la sivyo lebo zote zitaondolewa kwa majirani wote wakati ungali unaandika. Kisha nenda kwenye jirani wa tatu, uandike show mpls ldp bindings kwa kila lupubaki ambayo BGP huitumia kama hatua inayofuata, na uhakikishe kuna remote binding (lebo iliyopokewa kutoka kwa jirani) iliyotoka kwenye kitambulisho cha ruta yako ya kati. Ikiwa ipo na ping mpls bado inashindwa, bandika hapa matokeo ya show mpls forwarding-table ya kila ruta ya njiani, kwa kila upande peke yake, nami nitayapitia.