Naogopa kupima VVU, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina umri wa miaka 27 na ninaishi Morogoro. Tangu tuachane na mwenzangu miezi minane iliyopita, nimefika mara kadhaa mlangoni pa chumba cha ushauri nasaha nikarudi nyumbani, kwa hofu ya majibu na ya kuonwa na majirani.

JIBU: Marahaba. Kwa maoni yangu, kinachokutesa zaidi ni kusubiri, kwani kipimo chenyewe ni kuchomwa ncha ya kidole na kutolewa tone la damu, na majibu hupatikana ndani ya dakika 20 hivi. Kwa kuwa miezi mitatu, muda ambao maambukizi mapya yanaweza yasionekane kwenye kipimo, imekwisha kupita, majibu hasi yatakuwa ya kuaminika, mradi hukujiweka hatarini tena. Kuhusu majirani, nenda kituo cha mbali na mtaa wenu (wengi hufanya hivyo), au tumia kifaa cha kujipima mwenyewe, jambo ambalo sheria ya Tanzania inaliruhusu tangu mwaka 2019. Kikionyesha mistari miwili, yaani dalili ya maambukizi, ni lazima kituo cha afya kithibitishe. Ukikutwa na maambukizi, dawa za ARV hutolewa bila malipo, na anayezimeza kila siku hadi virusi visionekane tena kwenye kipimo cha damu hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana.