Maswali ya Wasomaji: Je, Kompyuta za Gridi Bado Zina Kesho?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mhadhiri katika chuo kimoja cha Nyanda za Juu Kusini. Maabara yetu ina kompyuta 40 ambazo baada ya saa mbili usiku hazina mtu. Mwanafunzi wangu wa uzamili alizitumia kukokotoa kielelezo cha mvua. Usiku wa tatu umeme ukakatika, kazi yote ikapotea, akaanza upya. Sasa kamati imeniagiza niandike mpango wa miaka 10: tuziunganishe kompyuta zetu na za vyuo jirani kwa mfumo wa gridi, au tukodi nguvu ya wingu, yaani kompyuta za kampuni zinazotumiwa kupitia mtandao? Mkuu wa idara anasema gridi imekwisha kufa. Nimesikia kwamba upangaji kwa senario unaweza kusaidia, lakini sijui unaanzia wapi. Naomba mwongozo.

JIBU: Ndugu Mhadhiri, mpe pole mwanafunzi wako. Mkasa wake utatufaa baadaye.

Mkuu wa idara yako amesema nusu ya ukweli. Mwaka 1998 wanasayansi wa kompyuta Ian Foster na Carl Kesselman walipohariri kitabu kilichoeneza wazo la gridi, walilifananisha na gridi ya umeme: mtumiaji achomeke ukutani, apate nguvu ya kukokotoa bila kujali imezalishwa wapi. Ahadi hiyo ilitimia kwa mlango mwingine, kwani kuanzia mwaka 2006 Amazon ilianza kukodisha kompyuta kwa saa, na soketi iliyokusudiwa kuwa ya ushirika ikawa ya mfanyabiashara. Hata hivyo, gridi inayohudumia CERN, maabara ya Ulaya ya utafiti wa fizikia, bado inafanya kazi kila siku, ikiwa na vituo zaidi ya 170 katika nchi zaidi ya 40. Mradi wa SETI@home, ulioanza mwaka 1999 kwa kuazima kompyuta za watu majumbani ili kutafuta ishara za viumbe wa nje ya dunia, uliacha kugawa kazi mwishoni mwa Machi 2020, wakati uleule ambapo Folding@home, mradi mwingine wa kuazima kompyuta, ilikuwa ikifurika wajitoleaji wa utafiti wa virusi vya korona. Njia iliyopinda kiasi hiki haitabiriki kwa kurefusha mstari wa jana, na hapo ndipo senario zinapohitajika.

Senario si utabiri. Ni hadithi kadhaa za kesho, zinazopingana lakini zote zinawezekana, ambazo mpango hupimwa nazo kabla fedha hazijatumika. Kampuni ya mafuta ya Shell iliitumia mbinu hii mwanzoni mwa miaka ya 1970, chini ya Pierre Wack na wenzake, na mtikisiko wa mafuta wa mwaka 1973 ulipofika, viongozi wake walikuwa wameshazoea kulifikiria jambo ambalo wengine waliliona haliwezekani. Afrika Kusini nayo, kati ya 1991 na 1992, iliwakutanisha huko Mont Fleur watu wa pande zilizohasimiana, wakatunga hadithi nne za nchi yao. Mojawapo waliipa jina la heroe, ndege wanaopaa taratibu lakini kwa pamoja. Majina ya namna hiyo yana kazi: hadithi yenye jina hukumbukwa hata kikaoni.

Kwenu ningeanza na mambo mawili yasiyojulikana yenye uzito mkubwa kuliko mengine: kama umeme na mtandao vitakuwa vya kutegemewa, na kama vyuo vitaaminiana kiasi cha kufunguliana milango ya mashine na data. Hayo mawili yanazaa hadithi nne. Mbili ni nyepesi kuziandika: ile ambayo kila chuo kinachimba kisima chake, na ile ambayo vyuo vinapatana lakini umeme unawaangusha. Ya tatu niiite Mpangaji: mtandao ni mzuri, imani haipo, kila mmoja anakodi wingu peke yake, bili inakuja kwa dola, na siku mnapotaka kuhamisha data zenu mnakuta hata kuzitoa kuna malipo.

Ya nne ndiyo ningewaomba mkae nayo muda mrefu. Niiite Msaragambo: umeme na mtandao ni vya kutegemewa, na vyuo vinaaminiana. Nyaya za kuunganisha vyuo si ndoto. TERNET ya Tanzania na KENET ya Kenya ni mitandao iliyoanzishwa kwa ajili ya vyuo na taasisi za utafiti. Kigumu zaidi ni maswali ya jirani kwa jirani: kazi ya nani itangulie foleni wakati wa mitihani, nani atalipia umeme wa usiku, na data za wagonjwa zivuke mipaka ya chuo kwa idhini ya nani, hasa baada ya Tanzania kutunga sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi mwaka 2022. Gridi za utafiti wa fizikia zilijibu sehemu ya maswali hayo kwa vyeti vya kidijitali vinavyotambuliwa na vituo vyote, ili mtafiti ajitambulishe mara moja na apokelewe kila mahali. Kwa maoni yangu hilo ndilo tunda bora la gridi, na halina uhusiano na wingi wa mashine.

Hadithi zikishaandikwa, mkiwa pamoja na mhasibu, fundi umeme na mwanasheria wa chuo, tafuteni hatua inayofaa katika zote nne. Mojawapo naiona tayari. Programu ya mwanafunzi wako ingekuwa inahifadhi ilipofikia kila baada ya nusu saa, ule usiku wa tatu asingepoteza zaidi ya nusu saa. Na programu ya aina hiyo, ikifungwa katika kontena, yaani kifurushi kimoja cha programu pamoja na vyote inavyovihitaji, huhamishika kwa urahisi zaidi kutoka maabara yenu hadi chuo jirani au wingu la kukodi.

Kabla ya kikao cha kwanza, bandikeni daftari mlangoni mwa maabara kwa usiku 30. Andikeni umeme umekatika mara ngapi, kompyuta ngapi zilikaa bure, na kazi za nani zilisubiri.