Antena ya redio ya setilaiti niiweke wapi kwenye Camry ya 2006?

SWALI: Fundi, habari ya kazi. Naishi Columbus, Ohio, na kila baada ya wiki mbili naendesha hadi Charlotte kumwona dada yangu. Nikishaingia milima ya West Virginia stesheni za FM zinapotea moja baada ya nyingine, na simu nayo inakosa mtandao. Gari ni Toyota Camry ya 2006. Redio ni ile iliyotoka nayo kiwandani, ina CD na kaseti, haina tundu la AUX. Nataka kufunga redio ya setilaiti ya SiriusXM. Ninunue kifaa gani? Fundi mmoja hapa anataka kutoboa paa apitishe waya wa antena. Rafiki yangu yeye kaibandika ya kwake juu ya dashibodi na anasema yatosha. Na je, nikiichoka naweza kumpelekea mdogo wangu Mombasa?

JIBU: Paa lisitobolewe, kaka. Na dashibodi uiache.

Rafiki yako hakudanganyi, pengine yeye haendi mbali. Setilaiti za SiriusXM zimekaa juu ya ikweta, kilomita 36,000 hivi kutoka ardhini. Ukiwa Ohio ziko upande wa kusini, yapata nusu ya njia kati ya upeo wa macho na utosi wako. Sasa weka antena kwenye dashibodi. Unakwenda Charlotte, pua ya gari inatazama kusini, mawimbi yanapita kioo cha mbele, redio inaimba mpaka unapiga usukani. Siku ya kurudi pua iko kaskazini, setilaiti ziko nyuma yako, na bati la paa limesimama katikati. Nimeletewa magari kadhaa yenye "redio mbovu", kumbe kilichobadilika ni mwelekeo wa safari tu. Mjini huenda usigundue, kwa sababu kampuni imesimika mitambo ya ardhini inayorudia matangazo kati ya majengo marefu. Ukifika milimani, huna msaada huo.

Antena yenyewe ni kidude kidogo kuliko kiberiti, chini kina sumaku. Kiweke nyuma ya paa, katikati, vidole vinne kutoka ukingo wa kioo cha nyuma. Kinataka bati tupu la kama sentimita 30 kwa 30 chini yake, maana bati ni sehemu ya kazi ya antena, si mahali pa kunasia sumaku tu. Kwa hiyo kama Camry yako ina dirisha la paa, kaa mbali na kioo hicho, na usikiweke ubavuni mwa keria. Pafute pakauke kabla ya kukibandika. Mchanga uliobaki chini ya sumaku utakula rangi.

Waya ndio unaotenganisha kazi ya fundi na kazi ya haraka. Toka nao kwenye antena, uuteremshe hadi mpira wa kioo cha nyuma, kisha uusukumie chini ya mpira huo kwa kadi ya benki iliyokwisha muda. Bisibisi usiitumie, itachana mpira na maji yataingia. Ufuate mpira hadi pembe ya chini, uingie kwenye buti. Kabla haujaingia, uache ulegee kidogo kuelekea chini mfano wa herufi U, ili mvua idondokee hapo badala ya kuufuata waya hadi ndani. Kutoka kwenye buti pita chini ya kiti cha nyuma, halafu chini ya plastiki za vizingiti vya milango upande wa abiria, utokezee chini ya dashibodi. Uwe mbali na pedali, na usikatize mbele ya mfuko wa hewa. Waya utabaki mrefu. Ukunje, uufunge, uufiche. Usiukate, hata zikibaki mita mbili.

Mimi mwenyewe nilipoanza kazi hii niliwahi kupitisha waya kwenye mlango wa dereva kwa kuwa ndiyo njia fupi. Mteja aliondoka akifurahi. Baada ya wiki tatu alirudi, mlango ulikuwa umeukanyaga waya ukawa bapa kama tambi, na kipokezi kinaandika kwamba hakioni antena. Nililipa antena mpya mfukoni mwangu.

Tuje kwenye kifaa. Kabla ya kununua chochote, bonyeza vitufe vya kubadili AM na FM uone kama gari halina SAT, yaani setilaiti. Wapo wateja waliolipia kipokezi kipya na kumbe wanacho tayari. Kama hakuna, una njia mbili. Ya kwanza ni kung'oa redio ya kiwandani, uweke mpya iliyoandikwa kuwa iko tayari kwa SiriusXM, na nyuma yake uchomeke SXV300, kisanduku kinachopokea SiriusXM. Ni safi, hakuna kitu kinachoning'inia, na unapata Bluetooth juu yake. Ya pili ni kipokezi cha kubebeka cha jamii ya Onyx, kinachokaa kwenye kishikio na kula umeme wa tundu la kuwashia sigara. Kwa gari la umri huo mimi ningechukua hiki cha pili, maana ukiuza gari unaondoka nacho. Tumia chaja iliyokuja nacho tu. Kinachofanana kwa plagi si lazima kitoe volti zilezile.

Namna ya kuingiza sauti kwenye redio yako, watu wengi hutumia FM: kipokezi kinarusha mawimbi madogo, redio inayadaka kwenye masafa ambayo hayana stesheni. Tatizo ni safari yako. Masafa yaliyo tupu Columbus utakuta Charleston, kule West Virginia, yana mhubiri, na Charlotte yana matangazo ya mpira. Wewe una kaseti, bahati iliyoje! Nunua ile kaseti ya bandia yenye waya, uitumbukize, uchomeke upande wa pili kwenye kipokezi. Kama mashine ya kaseti imezeeka na inaitema, dai kwa fundi kiunganishi kinachoingia kati ya antena ya FM na redio. Hicho hukata stesheni za nje wakati setilaiti inacheza.

Kuwasha kifaa, toa gari nje ya gereji, lisimame pasipo miti. Nenda chaneli 0, hapo utaona namba ya kipokezi, ambayo ndiyo kampuni itakuuliza. Ukiona alama inayofanana na O, ni sifuri; herufi O, I, S na F hazitumiki humo. Ukinunua cha mtumba, omba namba hiyo uulizie kwa kampuni kabla ya kutoa pesa. Na ofa ya mwanzo ya ada ya kusikiliza ikiisha, bei ya kawaida inaanza yenyewe kwenye kadi yako, basi andika tarehe. Kwenye barabara kuu ya I-77 una mahandaki mawili, East River Mountain na Big Walker, kila moja la kama maili moja. Sauti ikikatika humo usianze kufungua plastiki.

Mombasa kifaa hicho hakitashika kitu. Setilaiti hizo zinamulika Amerika Kaskazini. Sisi Waafrika tulikuwa na yetu, AfriStar ya kampuni ya WorldSpace ya Noah Samara, mzaliwa wa Ethiopia, iliyorushwa Oktoba 1998, miaka mitatu kabla XM, mmoja wa wazazi wa SiriusXM, haijaanza kutangaza Marekani. WorldSpace ilifilisika 2008. Tena ilitumia masafa mengine kabisa, kwa hiyo hata ingekuwepo leo, Onyx isingeisikia. Mdogo wako mnunulie redio yenye Bluetooth, bando ataweka mwenyewe.