Rimu mpya au breki? Fundi anakujibu

SWALI: Shikamoo fundi. Nina IST ya 2004, nina laki nane nimezibana nataka nifunge rimu za spoti na redio ya skrini kabla ya Desemba, maana tunaenda Mbeya na familia na sitaki nifike ukweni na gari imechoka. Ila breki nikikanyaga inalia kwiii, na siku hizi pedali inazama kidogo. Jirani anasema ni vumbi tu. Naweza kusubiri mpaka Januari?
Msomaji, Kimara

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usisubiri hata wiki.

Huo mlio mara nyingi sio vumbi. Pedi nyingi za breki, zile zinazobana diski ya tairi ili gari isimame, zina kibati kidogo pembeni, pedi ikiisha kinagusa diski ndio kinapiga hizo kelele, kimewekwa makusudi kikuite. Ukikipuuza chuma kinakula chuma, diski inachimbika, unajikuta unanunua vyote viwili. Wiki iliyopita nimefungua gari rimu zinang'aa mpaka unajiona, nyuma yake pedi imebaki bati tupu, na mwenyewe anapakia watoto wa shule kila asubuhi, niliumia kweli.

Hiyo pedali kuzama ndio inanitisha zaidi. Fungua boneti uangalie kikopo cha mafuta ya breki, yakiwa chini ya mstari basi pedi zimeisha au kuna sehemu inavuja, yakiwa meusi yamezeeka, yamwagwe yote yawekwe mapya. Yale mafuta yananyonya unyevu, yakichemka unyevu unakuwa mvuke, unakanyaga pedali inaenda mpaka chini gari haisimami. Sasa fikiria mnarudi Dar mnashuka mlima Kitonga, lori mbele lori nyuma. Hata breki zikiwa nzima pale shuka na gia ndogo, usiikalie breki.

Na hizo rimu mara nyingi zinauzwa na tairi zake za mtumba zimepakwa dawa zinang'aa, soma namba nne za mwisho kwenye maandishi ya DOT ubavuni mwa tairi, 2317 maana yake wiki ya 23 mwaka 2017. Tairi nyembamba za ubavu mfupi nazo kwenye mashimo yetu zinapasuka haraka sana.

Kwahiyo breki kwanza, halafu tairi, halafu rejeta na oili, redio hela ikibaki. Pedi zikibadilishwa mwambie fundi akupe zile za zamani mkononi, uone mwenyewe zilibaki kiasi gani.