Kuagiza chakula cha Kitaliano cha kula pamoja

Ndugu yangu, umeuliza kama familia yenu ya watu sita, mkiwa likizoni hapa Mombasa, iagize sahani sita katika mkahawa wa Kitaliano unaopakua chakula cha pamoja. Hapana, kwa sababu bakuli moja la tambi huko aghalabu huwatosha watu watatu na huwekwa katikati ya meza kama sinia la pilau, kwa hiyo anzeni na mawili, kisha mwongeze mkiona haja. Ninalolisisitiza zaidi, hasa kwa Waislamu, ni kumuuliza mhudumu viungo kabla ya kuagiza: tambi za karbonara za asili hutiwa nyama ya nguruwe, na wali wa risoto mara nyingi hupikwa kwa mvinyo, hata pale menyu isipotaja. Watoto waagizieni piza ya margherita, yenye nyanya, jibini na majani ya mrehani.