Kukosa msuli wa piramidalisi upande mmoja si ugonjwa

Pole kwa wasiwasi, ndugu yangu. Umesema kipimo cha MRI kimeonyesha huna msuli wa piramidalisi upande wa kushoto, nawe unahofia kwamba ndio chanzo cha maumivu ya kinena. Kwa upungufu huo, toa hofu kabisa.

Piramidalisi ni kimsuli chenye umbo la pembetatu, kimoja kila upande, chini kabisa ya tumbo. Kitako chake kimeshika mfupa wa kinena kwa mbele, na ncha yake inapanda hadi kwenye ule mshipi mweupe wa tishu ngumu unaoshuka katikati ya tumbo kutoka kifuani, ikiishia chini ya kitovu. Kimelala mbele ya msuli mrefu wa tumbo, ndani ya ala moja nao. Kikijikaza, huuvuta mshipi ule ukakazika. Basi. Kuinama na kuinuka hufanywa na misuli mikubwa, nayo unayo yote. Takriban mtu 1 kati ya 5 hana kimsuli hiki, wengine wanacho upande mmoja tu kama wewe, na wengi hawajui maisha yao yote.

Maumivu yako ndiyo yanayonishughulisha zaidi. Yakizidi unapokohoa au kunyanyua mzigo, mwombe daktari akupime ngiri, na vilevile kano za misuli ya paja la ndani. Ukiona uvimbe usiorudi ndani, wenye maumivu makali na kutapika, nenda hospitali saa hiyo hiyo.